Miguu Chini ya Jani la Mkoko

Kina mama wa Marereni walikuwa wakichapa majani uani kwa Mwanatumu, vikombe vya chai vikiwa bado havijaoshwa. Bi Priscilla, mtaalamu wa mimea, ndiye aliyewafunza. Karatasi hupakwa dawa kivulini, jani hulazwa juu yake, kioo juu ya jani, kisha jua lifanye kazi. Ukiisuuza, karatasi hugeuka buluu na jani hubaki jeupe.

"Maji yawe ya mvua," Bi Priscilla alisisitiza. Mvua yenyewe iko wapi? Mwanatumu akateka ya kisima chake, ambayo hayanyweki tangu mabwawa ya chumvi yachimbwe hapo jirani.

Jani lake la mkoko, lililochumwa ukingoni mwa bwawa, lilitoka vizuri. Chini yake ikatoka miguu miwili ya mwanamume. Wa kulia ulikuwa na vidole viwili tu.

"Ya mwanangu Uweis hii," akasema Mwanatumu. Uweis alikuwa akivuta chumvi kwa reki mabwawani, pekupeku.

"Yake kabisa, imepinda kama ya babake," akasema jirani yake Hafswa. "Ila Uweis ana vidole vyote."

"Kwa sasa."

Bi Priscilla akaandika chini jina la kisayansi la mkoko. Miguu hakuiandikia kitu.

Mwanatumu akampelekea karatasi msimamizi wa mabwawa, Salmin. "Mwanangu, mpeni Uweis gambuti. Maji yale yatamla."

"Gambuti zimeagizwa, mama." Akaiinua karatasi kwenye mwanga. "Mashallah, buluu hii! Umeifanya mwenyewe?" Akaibandika ukutani ofisini.

Vidole vya Uweis vilianza kudondoka mwezi wa Ramadhani, bila damu, vikavu kama samaki ng'onda. Kila kimoja Uweis alikiokota kwenye chumvi, akakifunga kitambaani, akakileta nyumbani. Mamake akavizika nyuma ya jiko. Majirani nao wakachuma majani, wakasuuza kwa maji ya visima vyao, kila mmoja akaiona miguu ya mwanawe. Wewe mwenye kijana huko, usingoje karatasi ikwambie. Mtazame miguu angali amelala.

Baada ya Idi Salmin akatuma mtu: wageni wameipenda ile picha, mama afanye nyingine tatu.

"Na gambuti?" Mwanatumu akauliza.

"Zimeagizwa," akajibu aliyetumwa.

Uweis akacheka. "Usijali, mama. Zikifika, hata saizi ya mtoto itanitosha."

Mwanatumu hakucheka. Alimfunga mguu kwa kitambaa kisafi, akamfungulia mlango, maana lori la kumpeleka mabwawani lilikuwa nje linapiga honi.