Mkono wa Kulia wa Zadock

Katika shule ya bweni aliyosomea Zadock Ouma, upande wa Maseno, kriketi ilikuwa na sheria moja isiyoandikwa kitabuni. Mrushaji akivuka mstari wa chokaa kwa mguu wake, mpira huo ni batili. Na ikiwa mwamuzi hakuona, mrushaji mwenyewe huinua mkono wa kulia. Hakungojwa shahidi. Mvulana aliyenyamaza alikula peke yake muhula mzima.

Zadock aliishika sheria hiyo hadi fainali ya mwaka 1983 mjini Kisumu, wakati alipokuwa mrushaji wa kasi aliyeogopwa pwani yote ya ziwa. Ulibaki mpira mmoja. Kartar, muuza vyuma, ndiye aliyeshika gongo, na timu yake ilihitaji alama nne tu. Zadock alikuja mbio, mguu wake ukaivuka chokaa kwa upana wa kiatu, mpira ukadunda na kumpasua Kartar jicho la kushoto. Kartar akaangukia vijiti vilivyokuwa nyuma yake, ambavyo mpigaji akiviangusha ametoka, isipokuwa mpira uwe batili. Mwamuzi, ambaye hakuuona mguu, akatangaza kuwa Kartar ametolewa. Kombe likapatikana. Mkono wa Zadock ulibaki ubavuni, mzito kama jiwe la kusagia.

Tangu siku hiyo, kila alipokimbia kurusha alitanguliwa na ule mlio wa mpira ukipiga jicho la Kartar, mkavu, kama ukuni uliovunjwa ndani ya gunia. Baada ya misimu miwili aliacha mchezo. Sifa hazikumwacha. Watu walimtaka awe diwani, wakiamini kwamba aliyewaletea kombe hawezi kushindwa kuwaletea maji.

Uteuzi wa chama mwaka 1988 ulikuwa wa mlolongo: kila mpiga kura alisimama mchana kweupe nyuma ya mtu wake. Katika uwanja wa shule moja ya Nyalenda, mlolongo wa mpinzani wake, mkunga Milka Apiyo, ulizunguka madarasa ukafika vyooni. Wa Zadock uliishia kwenye mlingoti wa bendera.

"Mlolongo wenu mfupi kama kaptura ya mtoto wa nasari!" mama mmoja wa upande wa Milka akawapigia kelele.

"Mfupi, Mama, lakini sisi tumeoga!" akajibiwa.

Zadock alicheka pamoja nao, hadi alipogeuka. Mtu wa kwanza nyuma yake alikuwa Kartar, kilemba cha samawati, miwani myeusi.

Msimamizi alitembea kando ya milolongo yote miwili bila hata kusogeza midomo kuhesabu, kisha akapanda juu ya kiti. "Milka Apiyo, mia mbili na kumi. Zadock Ouma, mia nane na arobaini. Mshindi ni Zadock Ouma."

Watu wakageuka kuutazama mlolongo uliofika vyooni.

"Omera, ndugu yangu," Kartar akasema kwa sauti ya chini, "mimi nina jicho moja, na hata mimi nimeona."

Zadock akaitazama ile miwani myeusi.

"Siku ile nilikuwa nayo mawili. Niliuona mguu wako. Shule yenu nimecheza nayo miaka sita. Nilijua utainua mkono. Nililala pale chini nikiungoja."

"Basi kwa nini umesimama upande wangu?"

"Nimekuja karibu, leo nisiukose mkono huo."

Zadock akauinua mkono wa kulia. Ulipanda kwa shida mpaka juu ya kichwa. Wafuasi wake walidhani anawapungia. Wakapiga vigelegele, wakambeba mabegani. Lilibaki neno moja tu la kusema: nimeshindwa. Kutoka kule juu alimwona Milka ametulia, akimtazama, na Kartar amevua miwani. Neno likafika kwenye meno. Kisha wimbo ukaanzishwa, naye akauitikia.

Akawa diwani, akakaa barazani miaka minne. Madiwani walipiga kura kwa kuinua mikono, na kila mara mkono wa Zadock ulibaki juu ya meza, umekufa ganzi, huku ule mlio mkavu ukimrudia masikioni. Karani alimngoja kidogo, kwa heshima, kisha akaandika kwamba Bwana Ouma hakuwa na upande.