Bafta ya Nkuba

Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, Kalista alitundika khanga kwenye kamba mlangoni mwa duka la shangazi yake mjini Iringa, akinyoosha mikunjo kwa kiganja. Siku hiyo hata hajamaliza, mwanamume mrefu mwenye miguu iliyojaa vumbi alimpita bila salamu, akaenda kusimama mbele ya majora ya vitambaa.

"We bwana, hata salamu ya kamwene hakuna?" Liberatus, fundi cherehani wa barazani, alimtania. "Au umeacha ng'ombe barabarani?"

Mwanamume hakucheka. "Nipimie bafta nyeupe, dada. Ya sanda. Mtu mzima."

Cherehani ikanyamaza. Kalista alishusha jora polepole. Kwao dukani bafta ya sanda haikatwi kwa mkasi. Huchanwa kwa mikono, wala bei yake haijadiliwi.

"Pole sana, kaka. Ni nani?"

"Mama yangu. Mimi naitwa Nkuba, kwetu Usangu. Yuko hospitali, Tosamaganga."

Kalista alikunjua kitambaa mezani, akashika pindo tayari kuchana. Nkuba naye akakishika, akakisugua kwa vidole, akakiinua kwenye mwanga wa mlango.

"Kikifuliwa sana hakichakai upesi?" aliuliza. "Maana mama huyu ni wa kufua kila siku. Hapendi uchafu kabisa."

Mikono ya Kalista ilisimama. Nani hufua sanda? Kuuliza watu mambo yao kulimtia aibu, tena mtu aliyemzidi umri. Lakini akichana kitambaa kile, hakitaunganika tena.

"Kaka," alisema kwa sauti ndogo, "umemwona lini?"

"Jana jioni. Alikunywa uji, akanigombeza kwa hii miguu."

"Sasa sanda ya nini?"

"Wazee nyumbani walisema ninunue kabisa nikiwa huku mjini. Wamesema amezeeka, harudi."

"Hao ni wazee. Wewe je?"

Nkuba alitazama chini. Akaanza kukunja bafta yeye mwenyewe, vibaya, kona huku na kona kule. Kalista hakumsaidia, wala hakumharakisha.

"Sitaki kununua," Nkuba alisema. "Nataka mama apone, dada. Nataka nirudi naye nyumbani."