Herufi Kumi na Tatu

Bi Eufemia aliishika simu yake kwa mikono miwili, kama abebaye kifaranga kilichoanguka kiotani, akaiweka juu ya meza yangu ya chakula.

"Mwalimu, nadhani nimeiua," alisema. "Tangu Jumamosi Kuu imegoma kushika waifai. Labda niliigusa na mikono ya sabuni."

"Kaa kwanza, jirani."

Simu ile haikuwa na laini. Mwanawe, Radhamés, alimwachia wiki sita zilizopita, alipoondoka hapa mjini Moca kuitafuta njia ya magendo ya kuhamia kaskazini, kwa malori na kwa miguu. Tangu hapo iliishi kwa waifai yangu, ambayo ilivuka ukuta wa ua bila kubisha hodi. Kila alfajiri kijana alimtumia mama yake ujumbe wa sauti. Ijumaa Kuu alisema kwamba usiku huo wangevuka mto wa mpakani. Baada ya hapo, kimya.

Nilijua kwamba simu ilikuwa nzima. Aliyeiziba masikio ni mimi.

Kwaresima ikifika, kila jiko la mtaa huu huchemsha maharage ya sukari kwa tui la nazi na viazi vitamu, na mabakuli huvuka kuta. Kwa miaka thelathini na mmoja bakuli la Eufemia lilinifikia kabla ya mengine yote. Mwaka huu halikuja. Nilingoja hadi Jumamosi Kuu, moyo ukichacha kama maziwa yaliyosahauliwa, kisha nikaketi mbele ya kompyuta nikabadilisha neno la siri. Mimi, niliyewahi kuwachapa watoto kwa nukta iliyosahauliwa, nilitunga tusi nikaliandika bila kosa hata moja.

Sasa niliigiza ufundi. Niliizima simu, nikaiwasha. Niligusa alama ya ndege, nikairudisha. Nilikwenda sebuleni nikachomoa kisanduku cha waifai, nikahesabu hadi thelathini kwa sauti ili anisikie. Adanganyaye kwa maneno hutenda dhambi moja. Adanganyaye kwa bidii hutenda mbili.

"Ina nini?" aliuliza niliporudi.

"Mitambo ina viburi vyake."

"Imekurithi wewe mwenyewe," alisema, akacheka kidogo, kicheko kikamfia midomoni. "Hujanikasirikia kwa ajili ya maharage?"

"Maharage gani?"

"Usijifanye. Nakujua, wewe unahesabu hata punje. Nilimwekea Bikira nadhiri: sukari haiingii jikoni kwangu mpaka Radhamés afike. Nilitaka kuja kukwambia, nikaona nadhiri ukiitangaza inageuka majigambo."

Nililiona bakuli ambalo halikuja. Sikumwona aliyejinyima kulijaza.

"Siku tatu sijalala," aliendelea, akiitazama simu. "Kila ikiniandikia imeshindwa kuunganisha, najiambia ndiyo hivyo, mto umemchukua. Kimya kama hiki si cha simu, Mwalimu."

"Ni cha simu," nilisema, upesi mno.

Ningeweza kuichukua, nikaandika mwenyewe, nikamrudishia. Angenibusu mikono na kuniita fundi. Kidole changu kilikuwa tayari kimenyooka. Lakini mwanamke huyu alijifunza kusoma akiwa na miaka arobaini, kwenye meza hii hii, nami ndiye niliyemsisitizia kila jioni kwamba akiandikacho akisome mwenyewe, asisomewe na mtu.

"Neno la siri limebadilika," nilisema. "Nimelibadilisha mimi. Andika, nikutajie."

"Si uandike wewe? Vidole vyangu vizito."

"Andika wewe. Gusa kwanza hiyo alama ya jicho, uone unachoandika."

Nilimtajia herufi mojamoja, naye akazirudia mojamoja.

"E. U. F." Alitabasamu. "Kumbe ni jina langu."

"Endelea."

Tabasamu lilidumu hadi A, herufi ya saba. Ikaja M, ikaja C, ikaja H. Ilipofika O, aliacha kurudia kwa sauti. Herufi mbili za mwisho nilizitaja nikikitazama kitambaa cha meza.

Kidole chake kilibaki hewani. Alilisoma neno zima kwa midomo isiyotoa sauti, kama nilivyomfundisha: eufemiamchoyo. Kisha akabonyeza.

Simu ilitetemeka mara moja, mara ya pili, halafu haikutulia tena. Aliuchagua ujumbe wa asubuhi ile. Siku zote alipenda kunisikilizisha, tuicheke pamoja lafudhi mpya ya mwanawe. Safari hii aliibana simu sikioni, akanigeuzia mgongo. Niliambulia mvumo tu wa sauti ya Radhamés, bila maneno. Mabega ya mama yakapanda, yakakaa juu muda mrefu, yakashuka.

"Eeh, mwanangu," aliijibu sauti ambayo haikuweza kumsikia.

Nami nikabaki nimesimama nyumbani mwangu, kama mgeni ambaye bado hajakaribishwa kuketi.