Oili ya Pikipiki ya Saba

Watumishi wote wa idara ya maji walijulishwa, kwa tangazo lenye muhuri na sahihi mbili, kwamba kuanzia tarehe mosi pikipiki zote za idara zingetumia oili nyepesi kama kitabu cha pikipiki kinavyoelekeza, na kwamba makopo matupu yangerudishwa stoo yakiwa na vifuniko vyake. Suala la vifuniko ndilo lililozua mjadala.

Fundi wa karakana aliliunga mkono tangazo lote. Kwa miaka kumi na minane alikuwa amehubiri kwamba injini ndogo ya kwendea kazini haihitaji oili nzito, na kwa miaka hiyo yote alikuwa na mpinzani mmoja tu: msoma mita wa njia ya tano, aliyeitwa Taratibu kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akivuka mwendo wa arobaini.

"Injini yangu imechoka kama mimi, mdogo wangu," Taratibu alizoea kusema. "Hiyo nyepesi inapita tu, haikai tumboni."

"Kaka, injini haina tumbo."

"Wewe utajuaje? Umewahi kuiuliza?"

Taratibu alifariki miezi minane kabla ya tangazo, akiwa kitini nyumbani kwake, baada ya chakula cha mchana. Shemeji yake aliirudisha pikipiki siku iliyofuata maziko. Iliegeshwa kwenye chumba cha nyuma cha stoo, kati ya mabomba yaliyopasuka na viti vya miguu mitatu, na hakuna aliyeigusa. Lakini tangazo lilisema zote, na fundi alikuwa mtu wa kufuata maandishi. Alimwaga oili kuukuu ya pikipiki zote saba, ya saba ikiwemo, akajaza nyepesi, akarudisha makopo saba na vifuniko saba.

Mwezi uliofuata alizimwaga oili tena, mbele ya mkuu wa usafiri aliyekuja kukagua. Sita zilitoa oili nyepesi, nyeusi kiasi cha kuridhisha. Ya saba ilitoa kitu kilichoshuka polepole kama asali, cheusi tititi, chenye harufu ya safari ndefu.

Mkuu wa usafiri alichovya kidole, akakisugua kwa kidole gumba.

"Fundi, hii ni nzito."

"Naiona, mkuu."

"Nyepesi tuliyokupa iko wapi?"

"Niliiweka humo humo."

"Basi imenenepa?" Mkuu alijifuta kidole kwenye tambara la fundi. "Nakupa mwezi mmoja. Ukishindwa kueleza oili ya idara imekwenda wapi, tafuta karakana nyingine ya kuokotea spana."

Fundi hakuamini mambo ya mizimu. Aliamini wezi, ambao alikuwa amewahi kuwaona. Akajaza nyepesi kwa mara nyingine. Bolti ya chini na kifuniko cha juu alivipaka rangi ya kucha aliyoiazima kwa mkewe, nyekundu ya kung'aa, ili atakayefungua aache ufa. Kisha alichomoa plagi, akaiviringisha kwenye leso na kuitia mfukoni. Pikipiki isiyo na plagi haiendi popote. Mkewe alipoona leso imechafuka alimuuliza kama siku hizi anatembea na injini kabisa. Kila jioni fundi alikuwa akiigusa ile plagi, na jioni nyingine aliikuta na joto. Alilaumu mwili wake mwenyewe.

Siku ya ukaguzi, saa nne asubuhi, jua likiingia stoo kupitia dirishani, alimwonyesha mkuu ile rangi. Haikuwa na ufa hata kidogo. Akaikwangua, akafungua bolti, na papo hapo akaurudisha mkono nyuma. Oili ilikuwa nzito, nyeusi, na ya moto.

"Umeiwasha kabla sijafika," mkuu alisema.

Fundi alitoa leso, akaifungua. Mkuu aliitazama plagi kwa muda.

"Una plagi ngapi?"

"Moja, mkuu."

"Na namba za kilomita?"

Fundi alikuwa ameziandika ukutani kwa chaki siku ile pikipiki iliporudishwa. Hazikuwa zimeongezeka hata moja.

"Twende kwa dada wa masijala," fundi alisema, akiirudisha plagi mfukoni. "Yeye atakuthibitishia kwamba pikipiki hii haitoki. Njia ya tano haina mtu."

Dada wa masijala aliwasikiliza huku akipanga majalada, kisha akawatazama kama watu waliopotea ofisi.

"Njia ya tano? Mbona haijawahi kukosa? Hiyo ndiyo inayofika mapema kuliko zote."

Alifungua daftari la njia hiyo. Miezi yote ilikuwepo, namba zikiwa zimelazwa upande wa kulia, kila moja na nukta ndogo mwishoni. Fundi aliijua ile nukta.

"Nani anakuletea?"

"Huwa nalikuta mezani nikitoka kula. Nilidhani wewe, kaka, ndiye uliyempa mtu pikipiki."

"Na wateja hawajalalamika?" mkuu aliuliza.

"Iko barua moja tu, ya bibi wa nyumba ya mwisho." Aliitafuta, akaisoma bila kupandisha wala kushusha sauti: "Nashukuru kwamba siku hizi msoma mita hanisumbui kumfungulia geti."

Fundi alitia mkono mfukoni, akautoa upesi.

Kikao cha idara kilikaa siku ya Alhamisi na kuamua kama ifuatavyo. Fundi hana hatia ya upotevu wa oili na ataendelea na kazi yake. Nafasi ya msoma mita wa njia ya tano ni wazi, na isijazwe hadi hapo itakapoonekana kuna haja. Pikipiki ya saba haitumiki, hivyo ihudumiwe kila mwezi. Inunuliwe oili nzito kwa ajili yake, na vifuniko virudishwe stoo.