Damu ya Miezi Minane

Miaka thelathini na moja nimefua mashuka ya hospitali, na damu sijaizoea. Iliyolala kwenye gunia hunuka kama bucha lililofungwa siku mbili. Nilikuwa nikirudi nyumbani nasimulia hayo mezani, mpaka mke wangu anasukuma sahani pembeni. Niliona ni haki yangu. Mwenye kazi ya kinyaa aachiwe walau mdomo wake.

Jumamosi moja nilikuta ndoo nyuma ya mlango wa bafu, imefunikwa sinia. Nikafunua. Vitambaa vimelowekwa maji baridi na chumvi, maji mekundu, na juu yake mabonge meusi kama vipande vya maini. Nikaifunika ndoo upesi. Nikamwita mjukuu wangu wa kidato cha tatu, nikamfokea kwamba msichana asiyejua kujisitiri ni aibu ya ukoo mzima.

Alinisikiliza hadi mwisho.

"Babu, si vyangu. Na aliyeviloweka anakuogopa wewe kuliko ugonjwa."

Mwanamke mwingine nyumbani alikuwa mmoja tu, mke wangu, mwenye miaka sitini na mbili. Hedhi yake ilikoma mwaka niliofaulu mtihani wa shule ya jioni ya watu wazima. Nilisoma katika kitabu cha afya kwamba damu inayotoka baada ya ukomo wa hedhi si ya kungojea. Tena nilimsomea yeye, kwa sauti, nikijivunia matamshi yangu.

Nilimwambia twende hospitali, akakataa. Alisema uzee una vituko vyake, itakoma yenyewe. Siku ya tatu alishikwa na kizunguzungu mlangoni, akakubali.

Daktari, mwanamke wa rika la binti yetu, aliuliza imeanza lini. Mke wangu alinitazama kwanza. Miezi minane, akasema. Daktari akamuuliza mbona alinyamaza muda wote huo.

"Mzee huyu hapendi habari za damu wakati wa kula, isipokuwa zake za kazini. Na yeye, mwanangu, kila saa anakula."

Daktari alicheka.

Alimtoa kinyama chenye kikonyo, kikubwa kama ncha ya kidole gumba, kilichokuwa kimechungulia kwenye mlango wa kizazi. Alikiita polipu. Mara nyingi si saratani, alisema, lakini kwa umri wake lazima kipimwe, na kizazi kipigwe picha. Nikapewa kichupa nikipeleke maabara. Kinyama kilikuwa kikicheza ndani ya dawa, chekundu, kinateleza, na mkono wangu ukakisogeza kichupa mbali na kifua.

"Kishike vizuri," mke wangu alisema. "Hakiumi."

Majibu yalitoka baada ya wiki mbili. Picha ilikuwa safi, na kinyama hakikuwa saratani. Nilianza kumshukuru Mungu kwa sauti. Yeye aliikunja ile karatasi mara nne.

"Ingekuwa saratani yenyewe, ungejua lini?"

Nikajibu kwamba mjukuu angeniambia.

"Ungekuwa bado unamfokea."