Mlango Unaosalimia

Nianze na kicheko, maana kicheko ndicho kinachonichoma. Kwenye ploti yetu Soweto West, mlango wa bafu ulikuwa wa mabati, na waya wa sambaza, ile stima ya wizi, ulipita juu yake. Ukiushika na mikono yenye maji, ulikutetemesha. Sisi tukaiita salamu. "Leo umekusalimia?" tulikuwa tukiulizana huku tukicheka, wajinga sisi. Irungu, keretaka wetu aliyetunza ploti, naye alicheka. Asubuhi moja ya mvua mlango ulimsalimia Wekulo, mume wangu, akaanguka na hakuamka.

Nilienda Kawangware kwa Muema, fundi wa saa. Ilisemekana ana saa ya ukutani ambayo akiizungusha kinyume, inakurudisha siku unayoitaka.

"Ni dakika kumi tu, Rachael," aliniambia. "Na kila mtu ni mara moja."

Akaizungusha, nikajikuta ploti, asubuhi ileile, matope yaleyale. Wekulo alikuwa wa kwanza kwenye laini ya bafu, taulo begani, mzima. Nyuma yake alisimama jirani yetu Mutanu, mama Kaveke, na beseni lake. Nilimkamata Wekulo mkono.

"Toka hapo! Huo mlango utakuua!"

"Wewe nawe! Si ni salamu tu?"

Nilimvuta kwa nguvu zangu zote. Alicheka, akamgeukia Mutanu kwa ile adabu yake.

"Ingia tu wewe, mama Kaveke. Bibi yangu leo ameamka vibaya."

Nilikuwa bado nimemkumbatia nikilia niliposikia beseni likianguka.

Nilijua mlango ungemuua yeyote atakayeushika. Hapo ndipo hasira inaponigeukia mimi mwenyewe. Nilikuwa na dakika kumi na mdomo mzima, nikamwokoa wangu, basi.

Baada ya mazishi ya Mutanu, Irungu aliung'oa ule mlango akatundika gunia. Ilimchukua robo saa. Robo saa! Miaka miwili tulisalimiwa, kumbe kazi yenyewe ni ya robo saa. Nilimtukana mpaka sauti ikakauka, kisha nikakumbuka kwamba hata sisi tulikuwa na mikono.

Jana Timothy, mume wa Mutanu, alikuja kubisha kwangu, mtoto wao Kaveke amelala begani mwake.

"Rachael, nasikia kuna fundi wa saa huko Kawangware. Unamjua?"

Wekulo alikuwa nyuma ya nyumba akizipiga randa mbao zake, akiimba. Mara yangu nimeshaitumia. Timothy akimtoa Mutanu kwenye laini, anayefuata kuushika mlango ni Wekulo, na mimi sina tena pa kurudi. Neno "simjui" lilinifika kwenye ulimi. Nikamtazama Kaveke, nikauchukia ulimi wangu.

"Anaitwa Muema," nilisema, kwa ukali hata Timothy akarudi nyuma. "Ukifika, usimvute Mutanu mkono. Unasikia? Usimguse kwanza. Pale mlangoni kwetu kuna mbao kavu za Wekulo. Chukua moja, upige ule mlango mpaka uanguke. Watakucheka. Atakayecheka, mzabe kofi, Timothy. Hata kama ni mimi."