Mnyororo wa Athanas

Mtu aliyesababisha kifo cha baba yako akikuomba umfungie chuma kitakachomkinga na kifo kama hicho, je, unamfungia? Swali hilo nililibeba kutoka chuoni Makerere, na nilipofika uwanjani kwa Athanas, karibu na Kolandoto, bado sikuwa na jibu.

Athanas alikuwa na mashamba ya pamba na trekta dogo jekundu. Msimu uliopita alimwamuru dereva wake, baba yangu Donatus, ang'oe kisiki kwa mnyororo uliofungwa juu ya ekseli, mhimili wa magurudumu ya nyuma. Kisiki kiligoma, trekta likainua pua, likapinduka kinyumenyume, likamlalia baba. Matangani Athanas alitangaza kwamba mnyororo haukuwa na kosa: dereva alikuwa amelewa. Baba hakuwahi kuonja pombe.

Sasa alikuwa amenunua mikono mitatu ya chuma ya kushikia plau, miwili ya chini na mmoja wa juu, iliyobuniwa ili trekta lisiinuke namna ile. Maelezo yake yalikuwa ya Kiingereza. Kijijini ni mimi niliyeweza kuyasoma, na spana nilifundishwa na marehemu.

"Shikamoo, Baba Scolastika," nilimwamkia Athanas kwa jina la bintiye.

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Funga upesi, mvua haisubiri wasomi!"

Vijana wa kundi la kulima kwa zamu, waliokuwa wamekalia mipini ya majembe yao, walicheka. Kiongozi wao, Mageni, hakucheka.

Niliifunga mikono ya chini. Kisha nikashika pini ya mkono wa juu, ndogo kama kidole gumba. Ningeweza kuiacha ikining'inia nusu, na hakuna ambaye angejua. Nilikitamani kifo chake, nakiri.

Nikaiweka pini chini. Nikauvuta ule mnyororo kutoka bandani, nikaufunga juu ya ekseli, pale pale ulipokuwa siku ile, na ncha ya pili nikaizungusha kwenye kisiki kile kile pembeni mwa uwanja, ambacho kilikuwa hakijang'oka.

"Panda, Baba Scolastika. Ving'oe vyote, kisiki na fitina."

"Kwa mnyororo huu?"

"Ulisema hauna kosa. Nawe hujalewa."

"Au tukuletee kata moja ya pombe kwanza, mzee?" kijana mmoja alidakia, na kicheko kikalipuka.

Athanas aliweka mguu kwenye kidato. Akaitazama ekseli, akakitazama kisiki. Akautoa mguu.

"Mnataka kuniua?"

 Hakuna aliyehitaji kuelezwa alichokuwa amekisema.

Mageni alisimama. Kwetu, mtu aliyetengwa na kundi hapewi moto, maji wala mkono wa kumsaidia shambani, hadi alipe kosa lake hadharani. Na mwenye msiba ndiye hutamka kwanza.

"Binti Donatus," alisema, "sema unachotaka."

Niliokota pini, nikaifuta vumbi kwa kanga yangu.

"Mkono wa juu nitaufunga, na nitaufunga vizuri, kwa kuwa atakayekalia kiti hiki ni mtoto wa mtu. Lakini Athanas atengwe. Asipewe moto. Asipewe maji; akiniomba mimi, nitampita na mtungi wangu umejaa. Trekta halichumi pamba, basi pamba yake ioze shambani, mpaka siku atakaposimama kaburini kwa baba yangu, mbele ya mama yangu, aseme ni nani aliyeamuru mnyororo ufungwe pale."